Kumbikumbi wa Keji na Mashine ya Lukumani

Mwaka wa 1974 Lukumani, mfanyabiashara wa mjini Koboko, alikwenda kijijini Kuluba kuitafutia mahali mashine yake ya kusaga. Akaelekezwa kwa mjane mmoja, Keji. Mama huyo hakuuliza kodi. Aliuliza, "Mashine yako iko nalia namna gani?"

Lukumani akagonga mlango kwa ngumi: du-du-du-du.

"Hapana. Peleka ng'ambo ya mto."

Lukumani, aliyeanza kwa kuchuuza chumvi ya kupima kwa kikombe, alijua anayekataa upesi anataka bei ipande. Akamwacha apoe, akakodi kwa jirani wa mama huyo, Yangi, akamwaga saruji ya kusimamishia mashine.

Asichouliza ni hiki. Keji alikuwa na vichuguu vitatu alivyoachiwa na mama mkwe wake, na ndivyo vilivyomlisha. Mvua za kwanza zikipita, yeye na wenzake huchimba shimo ubavuni mwa kichuguu, kisha hugonga vijiti juu ya gogo, taratibu, mpaka kumbikumbi wadhani mvua imerudi, watoke, waangukie shimoni. Siku hizo upande ule wa kijiji hakuna atwangaye wala apigaye ngoma. Bibi harusi mmoja aliwahi kuletwa kimya kimya kama mbuzi wa wizi.

Siku Lukumani alipowasha mashine, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Du-du-du-du! Haijamaliza debe moja la muhogo, anga likajaa mbawa. Vichuguu viwili vilijimwaga, na shimo halijachimbwa. Kuku walishiba mpaka wakakaa chini. Wateja waliacha foleni wakaenda kuokota kwa vikapu na kwa vitenge, wengine wakitafuna papo hapo. Mashine ikabaki inasaga hewa.

Keji akaja, mbawa zimemjaa kichwani.

"Bwana Lukumani! Mimi nagonga mpaka bega inauma, wewe unatoa yote mara moja. Harusi ya nani hii?"

"Mama, mdudu iko na masikio?"

"Iko. Wewe ndiyo hauna."

Watu wakaangua kicheko, Lukumani naye, ingawa dizeli iliyokuwa ikiungua ni yake. Akaizima.

"Sikia, mwanangu," Keji akasema. "Kichuguu kubwa bado. Hiyo ikitoka bure, mwaka huu nakula nini? Na muhogo tunaleta sisi wanawake. Ukikataa kuhama, tunarudi kwa mawe yetu ya kusaga."

"Nikihama napata nini?"

"Kumbikumbi kavu. Unauza Arua wewe peke yako."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka unakaa ng'ambo."

Mama huyu angekuwa na duka mjini, Lukumani aliwaza, ningefunga langu. Akampa mkono.

Saruji ilipotea, na Yangi hakurudisha kodi. Lakini gunia la kwanza la kumbikumbi liligombewa sokoni Arua hata halijafunguliwa vizuri. Keji alipata utulivu wake na kichuguu kikubwa kizima. Alichopoteza ni njia fupi: kila alipovuka mto na debe kichwani, maji magotini, aliitukana mashine kwa kukaa mbali namna ile.