Maman Fundi wa Kadutu na Maji ya Moteri

Alhamisi ile niliwaandikia wanafunzi wa mwaka wa nne ubaoni kwamba maji yaliyofungiwa ndani ya chombo yanaweza kuwa moto kupita kiasi bila kuchemka, na kwamba chombo kikifunguliwa ghafla yanageuka mvuke palepale na kuruka. Nilichora chungu, nikachora mfuniko, nikachora mishale. Jumamosi yake nilisimama katikati ya mpando wa barabara ya mtaa wa Kadutu, pikipiki yangu ikitoa moshi mweupe, nikainama, nikafungua kifuniko cha radiatere kwa mkono mtupu.

Nilipiga kelele hata wauza nyanya wakainuka.

Pikipiki nyingi za mji wetu zinapozwa na upepo tu. Yangu ilikuwa ya aina nyingine: maji yanazunguka ndani ya injini, yanachukua joto, kisha yanapita katika radiatere, ile sahani ya mabomba membamba iliyo nyuma ya gurudumu la mbele, na hapo upepo unayapoza. Nilikuwa nimeinunua ikiwa imeshatumika, na niliringa nayo. Mafuta ya injini nilibadilisha, mnyororo nilipaka grisi, bujie, ile plagi ya kuwashia injini, nilisafisha kila mwezi. Maji sikuyaangalia hata siku moja. Nilidhani kitu kilichofungwa kinajitunza chenyewe.

Muuza nyanya mmoja alinimwagia maji ya ndoo yake mkononi. Motari wawili waliokuwa wakingoja abiria kwenye pikipiki zao waliishika yangu, mmoja akasema, "Tumupeleke kwa Maman Fundi." Wakaisukuma mpaka chini ya soko, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta juu ya mtaro. Mimi nilifuata nyuma nikiushika mkono wangu kama mtoto mchanga.

Maman Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa suruali na kitambaa cha kikwembe kiunoni juu yake, na buti za mpira miguuni. Aliangalia pikipiki mara moja, kisha akaniangalia mimi.

"Mukono kwanza," alisema. "Hii ya chuma itangoja."

Akaleta beseni la maji safi, akautumbukiza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Kila nilipotaka kuutoa, aliurudisha.

"Maman, niko na haraka kidogo."

"Haraka njo ilikuunguza, papa. Kaa."

Nilikaa. Maji yalipopata joto akayabadilisha, mara mbili. Akaufunika mkono kwa kitambaa kisafi na kuniagiza nipitie kituo cha afya kabla ya kurudi nyumbani. Halafu akanionyesha ubavu wa injini.

"Sasa weka kiganja hapa. Siku utaweza kukiacha mpaka uhesabu kumi, njo tutafungua."

Nikaweka, nikatoa. Tulingoja. Nikaweka tena, nikatoa. Sikuwahi kumwona fundi anayengoja hivyo. Mafundi niliowajua walikamata ufunguo kabla hujamaliza kueleza shida.

Katika kungoja kule akaniuliza kazi yangu.

"Niko mwalimu, maman. Ninafundisha fizike."

Motari wale wawili wakaangua kicheko. Maman Fundi akawatazama, wakanyamaza.

"Basi iko muzuri," alisema. "Utanielezea. Juu ya nini maji iliruka vile, na sufuria yangu ya bugali nikiifungua hairukake?"

Nikamweleza, huku uso ukiniwaka kuliko mkono. Nilimwambia habari ya presio, kwamba kifuniko cha radiatere kinayabana maji, na kwa kubanwa yanakataa kuchemka hata yakipita joto la sufuria. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, kichwa amekiinamisha. Alhamisi nilikuwa nimesema maneno hayohayo kwa dakika hamsini na hakuna mwanafunzi aliyeuliza kitu. Yeye aliuliza maswali matatu, na la tatu lilinifanya nirudie maelezo tangu mwanzo, kwa sababu niliona kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeruka hatua.

"Donc kifuniko kikizeeka, kikianza kulegea," akasema polepole, "maji itachemuka mapema. Njo maana."

Akaingia kibandani, akatoka na kopo lililojaa vifuniko vikuukuu alivyovitoa kwenye pikipiki za watu. Alikuwa akivitunza ili ajue vilikufa kwa nini. Akavishika kimoja kimoja, akibonyeza mpira wake kwa kidole gumba, kama anayesoma barua kwa mara ya pili.

Injini ilipopoa akaanza. Maji yaliyobaki alipoyatoa yalikuwa ya rangi ya udongo mwekundu wa kijiji cha Nyantende, ambako nilikuwa nikienda kufundisha siku mbili kwa juma.

"Uliweka maji gani?"

"Ya mtoni, maman. Na ya bomba. Yoyote."

Hakunigombeza. Alipitisha maji safi mara tano, mpaka yakatoka meupe. Mipira inayobeba maji aliiminya kwa vidole urefu wake wote; mmoja ulikuwa mgumu kama ubao na umepasuka karibu na kibanio, akaubadilisha. Feni aliizungusha kwa kijiti. Mwisho akainama mbele ya radiatere. Vibati vyake vyembamba, vile vinavyopitisha upepo, vilikuwa vimezibwa na tope lililokauka, na vingi vimelala kwa kupigwa na mawe. Akachukua mswaki mkuukuu na waya wa gurudumu la baiskeli alioupiga ukawa bapa, akaanza kuvisimamisha kimoja baada ya kingine. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mvua ilikuja ikapita. Mkono wake haukuharakisha hata mara moja, na hakuna kibati hata kimoja kilichokatika.

Wakati anafanya kazi nilimwuliza alijifunza wapi.

"Mwenga," alisema. "Mi nilikuwaka napikia bachimbaji ba zahabu. Kulikuwa moteri moja ya mazutu, ile dizeli, inavuta maji mu shimo. Ile moteri nayo ilikuwa inapozwa na maji. Banaume banaingia chini, moteri inabaki na mimi hapa juu karibu ya moto wangu. Nikaona: ikikosa maji, inabadilisha sauti. Batu bako chini, papa. Moteri ikisimama, maji inapanda kwao. Basi nilijifunza kusikia."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Mimi nilikuwa na diplomu ukutani nyumbani, na nilijifunza sura ile ya joto ili nifaulu mtihani. Yeye aliijifunza kwa sababu watu walikuwa chini ya ardhi.

Alipojaza tena, alitia yale maji ya kijani ya dukani, akaniambia nisiyaache wazi karibu na watoto au mbuzi kwa kuwa yana utamu lakini ni sumu. Aliwasha injini kifuniko kikiwa bado wazi, akaiegemeza pikipiki ili pua iangalie juu, na vipovu vya hewa vikatoka kimoja kimoja. Alivitazama mpaka cha mwisho. Kisha akazima, akafunga, akanikabidhi mswaki.

"Kila juma, asubuhi, ikiwa ya baridi: unaangalia hii chupa ya maji ya akiba hapa pembeni, maji ibaki katikati ya mistari mbili. Unaminya mipira. Unapiga mswaki hapa. Ukishindwa, urudi, nitakuonyesha tena."

Nilirudi Jumamosi iliyofuata bila kushindwa kitu. Nilitaka tu kumwangalia akifanya kazi. Nikawa nakwenda mara kwa mara, nikimsaidia kuosha vichujio vya hewa, na yeye akinirekebisha: "Hapana, prof, usikamue kama nguo. Bonyeza."

Miezi kadhaa baadaye mdogo wa mke wangu alioa huko Bunyakiri. Tulikwenda na pikipiki, mke wangu nyuma na zawadi imefungwa juu ya mapaja yake. Njia ilikuwa matope. Katika mpando mrefu wa msituni taa nyekundu ya joto ikawaka. Zamani ningekaza mwendo ili nifike juu. Safari hii nilisogea pembeni. Nilichungulia chini: hakuna maji yaliyokuwa yakivuja, feni ilikuwa ikizunguka. Nikaiacha injini ingurume taratibu mpaka taa ikazimika, ndipo nami nikaizima.

"Si ufungue, uongeze maji?" mke wangu aliuliza. "Chupa tuko nayo."

"Tungoje."

"Tungoje nini? Wako kanisani saa hii!"

Nikamwonyesha kovu la mkono wangu. Akafyonya, akashuka, akafungua mfuko wa ndizi. Tulikula tumekaa juu ya jiwe. Kila baada ya muda niliweka kiganja na kuhesabu kwa sauti, na safari ya nne yeye alihesabu pamoja nami mpaka kumi. Radiatere ilikuwa imefunikwa tope na majani. Nikatoa mswaki mfukoni. Mke wangu alishika chupa, akimwaga kidogokidogo huku mimi nikipiga mswaki. Maji ya ndani yalikuwa yamepungua kidogo tu, nikaongeza, nikafunga. Tulifika maharusi wakiwa wameshatoka kanisani, lakini chakula kilikuwa bado. Usiku mke wangu aliwasimulia dada zake habari ya fundi mwanamke wa Kadutu kana kwamba ni yeye aliyemgundua.

Ni yeye pia aliyesema, "Kwa nini usimwite shuleni?"

Prefe wetu, mkuu wa shule, alisita. Aliuliza fundi huyo ana cheti gani. Nilimjibu kwamba hana, na nikamwomba aje mwenyewe asikilize, na kama somo ni bovu asiniruhusu tena. Akakubali.

Maman Fundi alikuja amevaa vikwembe vilivyopigwa pasi, kitambaa kichwani, na buti zake zilezile zimeoshwa. Alikataa kusimama mbele ya ubao. Wanafunzi wakatoka nje uani, wakazunguka pikipiki yangu, prefe amesimama nyuma na mikono mgongoni. Maman Fundi aliwafanya wote waweke kiganja, mmoja mmoja, juu ya injini iliyopata joto kidogo tu na juu ya mpira wa maji, waseme wapi kuna joto zaidi na joto linaelekea wapi. Katika nusu saa walikuwa wameijua njia ya maji kwa mikono yao. Msichana mmoja akamwuliza kwa nini maji yale ya kijani hayagandi kwenye baridi kama maji matupu.

"Sijue, mutoto wangu," alijibu bila aibu yoyote. "Hapa kwetu hakugandake. Uliza prof."

Nikajibu. Kisha yeye akanigeukia.

"Prof, na mimi niko na swali. Ya zamani. Kule Mwenga, moteri ikitumika sana halafu nikaizima gafula, maji ndani yake ilikuwa inaanza kunguruma kisha ya kuzima. Moto imezimwa, lakini maji inapata joto zaidi. Juu ya nini?"

Wanafunzi arobaini wakaniangalia. Prefe akaniangalia. Nilifungua mdomo nitafute maneno makubwa ya kujifichia, nikamwona yeye akingoja kwa uso ule aliokuwa nao siku ya kwanza, uso wa mtu anayetaka kujua kweli.

"Sijui, maman," nilisema. "Nitatafuta."

"Aksanti," akasema, akaendelea na somo.

Nilitafuta siku mbili. Nilichora injini yenyewe badala ya chungu. Jumatatu, baada ya darasa la mwisho, nilishuka mbio hadi kibandani kwake. Alikuwa na motari watatu wanangoja na injini moja iko wazi mbele yake.

"Maman, ni pompe, ile inayosukuma maji," nilisema kabla ya kusalimia. "Ukizima, pompe inasimama, maji hayazunguki tena. Lakini chuma bado kina joto lake lote. Kinayamwagia joto hilo maji yale yaliyosimama papo hapo, nayo hayana mahali pa kukimbilia."

Aliweka ufunguo chini. Alifumba macho kidogo, na nadhani alikuwa kule Mwenga, kando ya moto wake wa kupikia, anaitazama tena ile moteri.

"Njo vile," alisema. "Njo vile kabisa. Miaka yote nilikuwa naiacha ingurume kidogo mbele ya kuizima, na bachimbaji banasema ninapoteza mazutu yabo. Nilikuwa najua ya kufanya. Sikuwa najua ya kuwajibu."

Prefe alikuwa ameniagiza nimwombe aje tena muhula ujao, kwa madarasa yangu yote mawili. Nilimwambia. Akasema atafikiri, akafuta mikono, akawageukia wale motari watatu. "Mulisikia ile prof alisema? Hamukusikia. Mukuje hapa karibu." Akawakalisha kwenye matairi, akachukua kopo la maziwa lililojaa maji, akaweka ndani yake nati ya moto aliyoitoa kwenye makaa ya jiko lake, maji yakanguruma, na akawaelezea upya kwa maneno yake mwenyewe. Nilisimama kando na mkoba wangu wa vitabu, nikasikiliza. Alieleza vizuri kuliko mimi.