Avokado Zilizoiva Juu ya Mti

Chekeni sasa tumalizane, kwa sababu hii aibu nimeibeba mpaka nimechoka, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa majirani wangu wa Kitengela ambao huongeza chumvi (kuna mmoja husema nilifunga hata mananasi, na huo ni uwongo mtupu).

Mnajua mimi ni Mbukusu, Mluhya wa Bungoma, na Mbukusu akipata ploti, hata kama ni ndogo na imezungukwa na mabati, kitu cha kwanza anafikiria ni atapanda nini. Basi nilipomaliza kujenga nyumba yangu ya vyumba viwili nikaenda na Naliaka, msichana niliyekuwa namchumbia, kwa wale wauza miche wa kando ya barabara ya Namanga. Naliaka alikuwa amekaa Kitengela kunishinda, anafundisha shule ya msingi hapo, na akaniambia pole pole tu, "Wafula, huu udongo ni mweusi, mvua ikinyesha maji yanasimama kwa mizizi, jua likiwaka unapasuka, na maji ya kisima yako na chumvi. Panda mapera, panda komamanga, panda hata embe. Avokado wachana nayo."

Mimi nikacheka. Kwetu Bungoma avokado inamea hata mahali mtoto ametupa mbegu, sasa mimi nikae kwa boma halina avokado, watu wakija waseme hapa anaishi nani? Nikachagua avokado tupu, tena ile Hass, ile ndogo ya ngozi ngumu inayogeuka nyeusi, kwa sababu nilisikia watu wakisema ndiyo inauzwa ng'ambo (na mimi ng'ambo sina hata binamu). Mwenye miche akanifungia bila kubisha, kwani yeye shida yake nini?

Miche ikakufa mmoja baada ya mwingine, majani yakiungua kwa ncha. Ukabaki mti mmoja, mkaidi kama mwenyewe, ukanipita urefu, majani tele, lakini maua hakuna. Naliaka akija alikuwa anauangalia, ananiangalia, halafu anaingia ndani kupika chai.

Sasa hapo ndipo Senge alipiga simu. Senge ni shangazi yake Naliaka, dada ya baba yake, na kwetu huwezi kuoa kabla senge hajakuja kuona mahali mtoto wao ataenda kuishi. Akirudi aseme hapana, ni hapana, hata baba mtu hawezi kuinua mdomo. Nami nilimpenda huyo msichana, na hiyo hapana sikutaka kuisikia.

"Mulembe, Wafula," akasema. "Nasikia huko kwenu ni mawe na upepo. Kunaota kitu kweli, ama mtoto wetu atakula vumbi?"

Ningesema ukweli ningekufa? Singekufa. Lakini mdomo, ndugu zangu, mdomo ni adui. Nikasema, "Senge, hata vile tunaongea avokado zimejaa kwa mti, matawi yanainama."

Halafu akasema, "Basi Jumamosi nakuja. Nitachuma yangu mwenyewe."

Jumamosi asubuhi na mapema nilikuwa sokoni, na kwa ile haraka zile Hass hazikutosha, kwa hivyo mama muuzaji akaniongezea zile kubwa za kijani zenye ngozi laini. Akaniuliza, "Unataka za kuliwa leo ama za wiki ijayo?" Nikamwambia changanya tu mama, changanya. Nikaazima ngazi kwa jirani yangu Mama Abdi, mama wa Garissa mwenye duka la nguo, nikachukua ule waya mwembamba wa fundi wa kufungia vyuma, nikapanda, nikafunga moja moja. Nilipomaliza nikarudi nyuma nikaangalia. Aki, ulikuwa mti mzuri! Mimi mwenyewe nilitamani kuchuma.

Naliaka sikumwambia (ndio, najua).

Wakafika saa sita, Senge na mama wengine wawili wa ukoo, pamoja na Naliaka, na mimi kwa kiburi nilikuwa nimealika majirani na watu wa kanisa ili waone vile mimi ni mtu wa watu. Wakala kuku na ugali, wakasifu nyumba, Senge akafungua hata madirisha kuona kama yanafungika. Kisha akajifunga leso vizuri akasema, "Sasa nionyesheni huo mti." Naliaka akaniangalia kwa mshangao. Tulipozunguka nyuma ya nyumba akaona mti umejaa matunda, akashika mdomo, na hapo nikajua nimekwisha.

Senge akasimama mbele ya mti akainua kichwa. "Wafula, naona Hass, naona na zingine. Mti mmoja?"

"Umepandikizwa, Senge," nikasema. "Teknolojia."

"Eeh, watoto wa siku hizi!" akasema, na akaomba tushukuru Mungu kwanza. Tukafunga macho. Senge anaomba kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Baba, wewe unayetoa chakula hata kwa jangwa, tumeona mkono wako hapa," na kumbe ule upepo wa Kitengela ulikuwa umengoja hayo maneno tu, ukavuma, na nikasikia pu! Halafu pu! Nikafungua jicho moja. Mbili zilikuwa zimeanguka karibu na kiatu cha mzee wa kanisa, na nyingine ilikuwa inaning'inia kwa waya, inazunguka pole pole.

"Amina," akasema Senge, akanyoosha mkono akashika moja ya zile kubwa. Akavuta. Haitoki. Akavuta tena, tawi lote likamfuata.

"Senge, hiyo haijakomaa!" nikapiga kelele.

Akaibonyeza. Kidole kikaingia. Na hapa lazima niwakumbushe, ingawa hata mtoto wa kwetu anajua: avokado haiivii kwa mti. Inakomaa kwa mti, lakini mpaka uichume uiweke ndani ndipo inakuwa laini. Mimi nimezaliwa chini ya mti wa avokado nikasahau hicho kitu, na Senge mwenyewe ameuza avokado soko la Chwele kule Bungoma tangu nikivaa nepi.

"Wafula," akasema taratibu, "avokado inaivia kwa mti tangu lini?"

Safari hii hata teknolojia ilikataa kuja. Na kabla sijafungua mdomo Mama Abdi, aliyekuwa ameleta birika la chai ya tangawizi, akasema kwa moyo safi kabisa, "Wallahi mama, mimi nilimwona asubuhi akizifunga, nikaambia watoto wangu, angalieni, hiyo ni mila ya Waluhya ya kukaribisha wakwe."

Watu walicheka mpaka mzee wa kanisa akashika ukuta. Lakini Senge hakucheka. Naliaka pia hakucheka, alikuwa na machozi, na hayo machozi ndiyo yaliniuma kuliko kicheko cha watu wote. Senge akamshika mkono wakaingia ndani, mlango ukafungwa, nami nikabaki pale nje kama mshtakiwa, Mama Abdi akinimiminia chai.

Walikaa huko. Walipotoka Senge akaniita mbele ya kila mtu.

"Nimeona nyumba za wanaume wengi," akasema. "Kuna aliyenificha chupa, kuna aliyenificha mtoto. Wewe umenificha mti usiozaa. Hilo naweza kusamehe, najua ni uoga wa kunyimwa. Lakini mtoto anasema alikuambia upande mapera ukamcheka. Ni kweli?"

"Ni kweli, Senge."

"Huyo ndiye atakaa hapa. Huyo ndiye atachota hayo maji ya chumvi. Kama humsikii kwa mti, utamsikia kwa watoto?"

Nikamgeukia Naliaka nikamwambia nisamehe, mbele ya watu wote, na ninyi mnajua mimi si mtu wa kusema hilo neno haraka. Akafuta macho kwa leso. "Huo mti uende," akasema, "na utachimba wewe."

Nikauchimba jioni hiyo hiyo nikiwa na zile nguo za kupokea wageni, watu wakiangalia. Senge alipokuwa anaondoka akageuka pale getini akasema, "Mahari lete. Lakini ng'ombe wako nitawavuta mkia mmoja mmoja, nione kama umewafunga na waya."

Mkadhani ni mzaha? Siku ya mahari alivua viatu akaingia kwa ng'ombe, akavuta kila mkia, ukoo mzima ukipiga vigelegele. Siku hizi tuko na mapera na komamanga, Naliaka ndiye alichagua, na mimi nikiulizwa na mtu apande nini namwambia amuulize mke wangu.