Mfuniko wa Fundi Darwesh

Hata uzeeni, Darwesh akiona fanusi ya bati imetundikwa mlangoni pa mtu, husimama akaitazama kama aliyekutana na jamaa yake. Ujana wake wote aliumalizia mtaa wa Malindi akikata bati na kulehemu fanusi, enzi ambazo mtu hatoki usiku bila taa mkononi. Kisha umeme ukaingia mjini, na wateja wakaanza kupungua.

Umeme huo huo ndio uliokuja kumwita kazini. Shemeji yake, Usi, kaka wa mkewe Ruqaya, alikuwa mshika swichi katika nyumba ya mitambo ya umeme. Masika moja unyevu uliingia ndani ya kasha la chuma lenye swichi. Moto wa umeme ukaruka kutoka shaba hii hadi ile. Hewa iliyofungiwa mle ikatanuka ghafla, ikakosa pa kutokea, ikaung'oa mlango wa kasha. Mlango ulimpiga Usi begani na moto ukamwunguza uso.

Usi angali kitandani, injinia wa Kizungu alimfuata Darwesh dukani.

"Moto wenyewe siwezi kuuzuia kila mara," alisema. "Ila hewa ile nataka ipate njia ya juu, isimwendee mtu usoni. Nifanyie mfuniko."

Darwesh akatoboa sehemu ya juu ya kasha, akatia mfuniko wa bawaba na dohani ya kutolea moshi nje. Wakalijaribu uani kwa baruti kidogo. Mfuniko ulikuwa mzito, ukachelewa kufunguka, na mlango wa mbele ukabenuka. Darwesh aliona haya.

"Uwe mwepesi zaidi, fundi."

"Ukizidi wepesi utaruka kama kofia!"

"Basi tuufunge mnyororo."

Wakacheka wote wawili. Darwesh akatumia bati jembamba, lile la fanusi. Safari hii mfuniko uliinuka mara moja, na mlango haukutikisika.

Usi alipopona, Ruqaya hakutaka arudi kazini. "Kaka, mie nshakulilia kama maiti."

"Aliyelitengeneza kasha ni mumeo," Usi akamjibu. "Humwamini?"

Masika yaliyofuata, mshindo ulisikika mpaka Malindi. Darwesh alishika pindo la kanzu akakimbia, Ruqaya nyuma yake. Moshi mweusi ulikuwa ukifuka dohanini. Usi akatoka akikohoa, kofia imejaa masizi, lakini mwili hauna jeraha.

"Shemeji, mfuniko umefunguka!" alipiga ukelele, kwani masikio yalikuwa yameziba.

Ruqaya alimpiga kifuani, kisha akaangua kilio papo hapo.

Mchana ule walikula wali na samaki changu pamoja. Usi hasikii neno, nao wanampigia kelele, mpaka jirani akaja kuuliza wanagombania nini. Ruqaya na kaka yake sasa wamekwishatangulia mbele ya haki. Darwesh hula peke yake, na nyumba ni kimya.