Asilazwe Chali

Mke wangu alikuwa mnene, na hakuona haya. Aliuza maziwa na jibini sokoni Masisi, na watu wa pikipiki walimtania kwamba wakimpakia yeye hawatafuti abiria mwingine. Ngiri ya kitovu ilipombana hata akawa anatapika kila kitu, vijana wa kijijini kwetu Kingi walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, hadi hospitali, wakipokezana.

Muuguzi wa kuwalaza wagonjwa usingizi hakuwa na haraka. Alivikunja vitenge vyetu vyote na blanketi, akavipanga chini ya mabega na kichwa cha mke wangu mpaka akawa kama ameketi.

“Mama muganga,” mke wangu alisema, “nasikia kule Ulaya wanapasua watu ili wapunguze unene. Unipunguzie na mimi, hata hapa tu.” Akajipiga paja.

“Mafuta yako nitakuachia, mama. Mapafu njo inanipa wasiwasi. Ukilala chali, huu uzito wote unayakalia.”

Akampa oksijeni avute polepole kwanza, ndipo wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Alitoka mzima, akaongea. Muuguzi akatuambia wote, mimi, shemeji na mama mkwe: “Akae hivi, ameinuka. Avute pumzi ndefu, akohoe, kesho atembee. Asilazwe chali.”

Lakini kwetu aliyepasuliwa hulazwa kimya, asitikiswe, kidonda kisifunguke. Muuguzi alipotoka, mama mkwe alivuta vitenge kimoja kimoja. “Mutoto wangu amechoka. Mumuache alale kama mutu.” Kisha akaketi kitandani kando yake.

Na kwetu mwanamume haketi kitanda kimoja na mama mkwe. Hamgusi, hambishii. Nilisimama mlangoni, nikamtuma shemeji, mdogo wa mke wangu: “Mwambie mama, muuguzi amekataza.”

Shemeji akamwambia.

“Huyo muuguzi hakumuzaa,” mama mkwe akajibu, akiutazama ukuta.

Nilimwita muuguzi, akavirudisha vitenge. Alipoitwa kwa mgonjwa mwingine, vikatolewa tena. Ikawa hivyo mpaka jioni.

Asubuhi mke wangu alikuwa anahema kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Muuguzi alimwekea oksijeni, akasikiliza mgongo wake, akasema mapafu yamejifunga kwa chini. Akamwinua, lakini mke wangu hakuwa tena na nguvu. Kila alipowekwa aliteleza, vitenge vikaanguka.

Ndipo nikaingia. Niliketi kitandani. Mama mkwe hakuondoka, bega lake likagusa langu. Nilimgeuzia mke wangu mgongo, wakamwegemeza juu yangu.

“Mugongo yako iko mugumu sana,” alisema kwa shida. “Ingekuwa na mafuta kidogo.”

“Egemea tu.”

Sikumwona uso. Nilisikia pumzi yake mbavuni mwangu, fupi, halafu fupi zaidi. Kila moja nilikuwa naisukuma moyoni irudi. Kabla ya saa sita ilitoka moja, nikangoja nyingine. Muuguzi akaja, akamshika mkono kwa muda mrefu, kisha akazima mashine ya oksijeni.

Sijui kama angepona kwa kuketi. Nilimuuliza muuguzi, naye akasema hajui.

Nilitaka kuinuka ili wamlaze. Mama mkwe akanishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kunigusa tangu nilipooa kwake.

“Usitoke kwanza,” akasema. “Asilale chali.”

Sikutoka.