Ukuta wa Unga wa Vigae

Fundi anayetuongezea chumba hapa Nanyala huponda vigae vya sakafu vilivyovunjika, huchekecha unga wake, kisha huuchanganya na mchanga na saruji kidogo, akajengea ukuta. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, huukwaruza ukuta kwa msumari na kuitazama ncha yake kama imetoka na unga. Lori la kwenda mpakani likipita, hunyamaza katikati ya neno, kiganja kikiwa ukutani, mpaka mtikisiko uishe. Chakula anakula nje, hata mvua ikinyesha.

Jana niliingiza kitanda cha mwanangu, nikakiweka kando ya ukuta huo mpya, nikamuuliza kama umekauka.

“Umekauka, mama Ruti. Uko imara.”

Kisha akavua kofia, akakishika kitanda mwenyewe, akakisogeza taratibu hadi upande wa pili, kwenye ukuta wa zamani wa nyumba.