Anayeangusha Anapimwa

Baba yangu alikuwa fundi wa majeneza, na mtani asiyejua wakati wa kunyamaza. Kila jeneza lilimbakizia kipande cha mbao. Alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama sabuni, na vipande vilipokuwa vingi akatutengenezea mchezo. Vipande vinapangwa mnara juu ya meza ya kulia, kila mtu kwa zamu yake anachomoa kimoja chini na kukiweka juu. Sheria zilikuwa zake. Mkono mmoja tu. Marufuku kumpulizia mwenzako. Na ile iliyomfurahisha kuliko zote: anayeangusha anapimwa, utosini hadi kisiginoni, kwa futi ileile ya kazini, na urefu wake unaandikwa kwa penseli nyuma ya mlango.

Tulicheka pia, nisiwe mwongo. Mpaka Jumapili moja jirani yetu fundi saa, mwenye mikono mitulivu kutupita sote, alipoangusha mnara, akapimwa huku amejikakamua kama askari. Mwezi haukuisha, akafariki. Baba aliufunga mlango, akasoma nyuma yake, akaenda kukata mbao.

"Imetokea tu," aliniambia nilipomwomba aifute sheria ile. "Sheria ni sheria, mwanangu."

Wakati huo mama alishaanza kuumwa. Mikono ilimtetemeka hata kikombe kikamgonga meno. Lakini mchezo aliupenda, na kukaa pembeni alikataa katakata. Basi mimi na kaka yangu tukageuka watunga sheria. Tulimchongea kijiti cha kusukumia, tukakifunga kitambaa nchani. Tukapitisha kwamba mgonjwa anaweza kumwachia mtu zamu yake, na kwamba mnara ukiyumba mbele yake, ruksa kuushika. Baba, mbishi wa kutupwa, alikubali kila kitu bila ubishi. Kila mara mama alipocheza nyumba ilikuwa kimya, mbao zikisikika zinavyosagana. Niliogopa, sifichi.

Alasiri moja mama alikiweka kijiti kando. Akautazama mnara, akausukuma kwa kiganja kizima. Vipande vilitawanyika hadi chini ya kabati.

"Mama, umefanya makusudi," kaka alisema.

Mama alisimama wima, ameshikilia kiti.

"Haya, baba watoto. Nipime."

Baba aliitoa futi mfukoni lakini hakuifungua.

"Nilishakupima," alisema.

"Lini?"

"Juzi mchana. Ulikuwa umelala."

Nilimchukia palepale, na nilikuwa nafungua mdomo nimwambie. Mama akaniwahi. Aliuliza kama mtu anayeulizia kitambaa dukani.

"Umechagua mbao gani?"

"Nzuri. Ila kuikata nimeshindwa. Siku ya tatu leo, nashika msumeno naurudisha."

Mama alikiachia kiti na kumshika mkono.

"Twende," alisema. "Nitakushikia upande wa pili."

Wakatoka polepole kwenda karakana. Mimi na kaka tulikuwa bado tumepiga magoti tukiokota vipande tuliposikia msumeno ukianza.