Mtoto alisema kuna mtu ndani ya tangi, ploti nzima tukamwaga maji

Wakuu, salaam aleikum, na habari za mchana kwa wote mliomo.

Uzi huu unamhusu Uwongo, lakini wenyewe ni kweli tupu. Nilichobadilisha ni majina, maana najua ploti yetu, hivi vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, ina watu wanaosoma humu.

Naishi Magongo, huku Changamwe. Kazi yangu ni kulea watoto wadogo mchana wazazi wao wakiwa kazini. Nina chumba cha mbele, mkeka, na sakafu ya saruji ambayo kwa watoto hawa ndiyo ubao. Wananiita Ticha.

Mmoja wao ni Zuhura. Ana miaka minne na kitu, na mlango wao unatazamana na wangu.

Mamake ni mtu wa Kitui, anafanya kazi kwenye ghala la chai. Wanaishi na mama mkwe wake, Bi Rukia, mtu wa Likoni wa ukoo wa zamani, ambaye Kiswahili chake ni kile cha Kimvita chenyewe. Bi Rukia ndiye aliyekuwa akimtolea Zuhura hadithi kila baada ya Magharibi.

Shikeni hilo la Kimvita, wakuu. Ndilo lililotuponza.

Zuhura alikuwa mtoto wa kuchora. Akikosa chaki atatumia mkaa, akikosa mkaa atatumia kipande cha tofali. Na kila alichochora kilikuwa na habari zake: huyu amegombana na yule, huyu anamngoja mamake, huyu hapendi uji.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi tulikuwa uani tunafua. Zuhura akamwendea Mama Brayani, jirani yetu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usipige kelele. Kuna mtu kwenye tangi."

"Mtu gani?"

"Ana miguu mirefu. Amelala."

Tangi letu liko juu ya mnara wa vyuma, na ploti nzima tunalitegemea. Maji ya mji huja siku yanapotaka yenyewe, kwa hivyo tangi likijaa tunapongezana kama watu waliopata mtoto.

Kijana mmoja akapanda, akachungulia, akasema, "Ndani giza. Naona kama kivuli."

Hiyo "kama kivuli" ndiyo iliyotumaliza. Hakuna aliyekuwa tayari kupikia maji yenye kivuli. Koki ya chini ikafunguliwa, maji yote yakaenda mtaroni, na tangini hapakuwa na mtu wala mjusi.

Mnaweza kukisia maneno yaliyofuata.

"Mama Zuhura, huyu wako msomeshe uwakili."

"Wakili wapi! Huyu ni mheshimiwa mtarajiwa. Ameshaanza na miradi ya maji."

Mama Zuhura hakumpiga mtoto. Aliingia ndani, akakusanya chaki zote na vipande vya katoni alivyochorea, akavitia kwenye jiko la makaa. Kisha akamwambia mkwewe kwa adabu zake zote, "Mama, naomba hadithi ziishe. Zinamfundisha mtoto uwongo, na uwongo ni dhambi."

Bi Rukia akaziacha hadithi.

Na Zuhura akanyamaza. Sasa hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Alikuwa akija kwangu asubuhi, anakaa karibu na mlango, haongei. Ukimuuliza amekula nini anakutazama kwanza, kama anayepima iwapo "mkate" ni jibu litakalomtia matatani. Mtoto wa umri huo akianza kuogopa kusema mkate, kuna kitu kimefungwa, na ukikiacha muda mrefu huenda usikifungue tena.

Mamake aliona tofauti. Aliniambia, "Siku hizi ametulia, Ticha."

Nikamjibu, "Hajatulia, Mama Zuhura. Amejifunga."

Hakulipenda jibu langu, lakini aliendelea kumleta.

Sikumlazimisha mtoto kuchora. Nilichofanya ni kukaa sakafuni na chaki, nikachora mbuzi. Mimi si mchoraji, wakuu. Mbuzi wangu alitoka na miguu yote upande mmoja. Watoto wakacheka hadi mmoja akajikojolea.

Zuhura alivumilia weee, mwisho akashindwa. Akasogea, akachukua chaki mkononi mwangu. "Huyu ataanguka," akasema, na akamwekea mguu.

Nikamwachia chaki, nikajishughulisha na kumbadilisha nguo yule aliyejikojolea.

Niliporudi, nilikuta amechora ndoo. Ndoo kubwa ya maji yenye mkono wa kushikia. Juu ya ukingo wake kulikuwa na macho mawili yanachungulia, na chini, nje ya ndoo, miguu mirefu kama ya korongo.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wazazi. Mtoto akichora, usimuulize "Hii ni nini?" Swali hilo ni mtihani, na yeye anajua kwamba mtihani una kupata na kukosa. Atakwambia "sijui" ili ayamalize. Mwambie tu, "Nisimulie." Halafu unyamaze, hata kama ukimya unakuwasha. Na usimwongezee masikio mnyama wake. Akitaka masikio atayaweka.

Basi nikasema, "Nisimulie."

"Huyu ni Uwongo."

"Anafanya nini humo?"

"Ndiyo nyumba yake. Nyanya husema, Uwongo ndoo."

Nikakaa chini.

Wasio wa Pwani niwaeleze. Hadithi zetu huanza kwa kuitikiana: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Lakini kwa Kimvita, "njoo" ni "ndoo". Nyanya alikuwa akimwita Uwongo aje. Mjukuu, ambaye Kiswahili chake ni cha mamake na cha uani kwetu, alikuwa akisikia anwani. Uwongo: ndoo.

Na kwa kuwa maji ya ndoo hutoka tangini, Zuhura alijua Uwongo hushinda wapi mchana.

Mtoto hakudanganya. Alisema alichofundishwa, kwa hesabu iliyonyooka kuliko ya yule kijana na kivuli chake.

Kisha akaniuliza jambo ambalo sijalisahau. "Ticha, mama alisema hataki Uwongo kwetu. Sasa analala wapi?"

Jioni nilivuka kwenda kwao. Mama Zuhura ndiyo kwanza ametoka kazini, Bi Rukia yuko kwenye mkeka anachambua mchele. Nikawaeleza yote.

Bi Rukia akaweka ungo chini. "Lo! Kumbe mie ndiye niliyemtia mtu tangini? Kwani nikikwambia 'ndoo hapa', waenda kutwaa ndoo?"

Mama Zuhura alikuwa ameinama anavua viatu. Akasema polepole, "Mama, nilipoolewa hapa, si nilikuwa nakuletea ndoo kweli?"

"Wewe?"

"Ukisema ndoo, naleta ndoo. Ukisema tena, naijaza."

Bi Rukia akamtazama sana. "Nami nikawaambia watu, bibi-arusi huyu hachoki kuteka maji! Nikakusifia hadi Likoni!"

Walicheka hadi mchele ukamwagika. Zuhura alisimama mlangoni akiwatazama, hajui kama na yeye anaruhusiwa kucheka. Mamake akamvuta mapajani.

Hadithi zikarudi, ila kwa sharti la Mama Zuhura: Uwongo apewe makao rasmi, si kwenye maji ya watu. Tukatafuta boksi la sabuni, Zuhura akalichora mlango na dirisha, likawekwa juu ya kabati.

Nyanya akisema "Paukwa!" na mtoto akiitika "Pakawa!", boksi linashushwa na kufunguliwa. Hadithi ikiisha, Zuhura analifunga mwenyewe. Ndani hukaa michoro yake.

Tulidhani tumemtengenezea mchezo. Hatukujua ni kitu cha kutufaa sisi.

Mchana mmoja Brayani, ambaye ndiyo kwanza anatimiza miaka miwili, akapotea. Mamake aliingia kufunika sufuria, akatoka, mtoto hayupo. Tukaita, tukaangalia vyumbani, wengine wakakimbia hadi barabarani, na mnajua malori ya Magongo yalivyo.

Katika kelele zile Zuhura akasema, "Kuna mtu kwenye pipa."

Mtu mmoja akacheka kwa hasira. "Tena! Leo tumwage nini?" Mwingine akasema, "Mtoeni huyo hapa."

Mama Zuhura akaacha kuita. Akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Zuhura, Uwongo yuko wapi?"

"Yuko kwenye boksi. Nimemfungia."

"Na aliye kwenye pipa?"

"Huyo Brayani. Amelala."

Mama Zuhura alikimbia kabla sisi hatujaelewa. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la plastiki lililooshwa, limelazwa ubavu likauke. Brayani alikuwa ndani kabisa, kidole mdomoni, usingizi mzito.

Mama Brayani alimkumbatia mwanawe, akalia, akamporomoshea matusi yote aliyoyajua, akalia tena. Kisha akamgeukia Zuhura, akampapasa kichwa.

Bi Rukia akafungua mikono pale mlangoni. "Ndoo, mwanangu. Ndoo."

Zuhura akamkimbilia, mikono mitupu.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Tunaogopa kwamba mtoto anayebuni atakuwa mwongo. Nionavyo mimi, mtoto aliyepewa mahali pa kubunia ndiye anayejua alipouacha uwongo anapotaka kusema kweli. Ukimnyang'anya chaki na hadithi, humfundishi ukweli. Unamfundisha kunyamaza, na siku ya pipa utamhitaji aseme.

Sasa nanyi nisimulieni: ni neno gani la wakubwa mlilisikia vibaya utotoni, mkalijengea nyumba kichwani? Na wenye watoto wanaochora, wamechora nini wiki hii? Msiniambie ni nini. Nisimulieni.